Mjomba Kumi na Moja

Kwanza kabisa: sikulia. Huyo Mkenya anayesambaza sauti ya dakika nne akisema "jamaa alilia mbele ya wakwe" ni muongo, tena ni shabiki wa Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani ya Philadelphia, na kwa uzoefu wangu hayo mawili hutembea pamoja. Nilipenga kamasi mara moja tu. Vumbi la Texas mwezi wa nane mnalijua.

Ningenyamaza, aibu ikauke yenyewe polepole kama kidonda cha goti. Lakini jana kanipigia shemeji yuko Muscat. Salamu hakuna. Kaanza na, "Nasikia unataka milioni arobaini na tano kwa mwaka." Kwa mwaka! Nikajua toleo la Mkenya limeshavuka bahari, na likiachwa hivi hivi litarudi Morogoro limeota masharubu. Basi kaeni mkao wa kula, niwape kisa chenyewe, kutoka kinywani mwa mwenye kosa.

Wengi mnanifuata kwa ajili ya ubishi, hamna haja ya kufundishwa. Kwa wale wa upande wa ndugu waliokuja kunichungulia baada ya kusikia kashfa: huku naongelea mpira wa Kimarekani, ule wa kuubana kwapani na kukimbia nao huku wanaume wa kilo 130 wanakufukuza. Mechi za maana ni Septemba mpaka Februari. Miezi iliyobaki hakuna mpira, kuna maneno, na mimi nakiri maneno ndiyo yaliyonileta. Mei 2025 yote mimi na Mkenya tuligombana kuhusu ule mtindo wa Eagles wa kumsukuma kwotabeki, yule mtupaji mkuu wa mpira, makalioni ili apate yadi moja. Timu ya Green Bay ilipeleka hoja upigwe marufuku. Zilitakiwa kura za timu 24 kati ya 32, zikapatikana 22. Mkenya akanunua keki. Keki, ndugu zangu, kwa sababu ya kura 2 za watu wengine.

Ilipofika Julai ubishi wote ukabaki mmoja: Micah Parsons.

Parsons ni, samahani, alikuwa, roho ya ulinzi wa Dallas Cowboys. Walimchukua mwaka 2021, kazi yake ikiwa moja: kumfikia kwotabeki wa wenzetu kabla hajatupa mpira, na kumlaza chini. Mkataba wake ulikuwa unaishia mwaka huo, akataka mpya. Mwenye timu, Jerry Jones, aliyeinunua mwaka 1989 na hajamwachia mtu usukani tangu hapo, akafanya jambo ambalo yeyote aliyewahi kuoa kwa utaratibu angemkataza. Machi alikaa na kijana, wawili tu, wakazungumza pesa, yeye akatoka hapo akiamini wamemalizana. Wakala hakuwepo. Aprili waandishi walipomuuliza habari za huyo wakala, akajibu kwamba hata jina lake halijui.

Sasa nyie niambieni. Huyo si mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa mlango wa jikoni, akapatana na binti, halafu akamdharau mshenga? Ndiyo maana tangu siku ile mimi na Mkenya hatusemi "wakala". Tunasema mshenga. Jerry ni Mzee. Parsons ni mtoto, maana alikuwa na miaka 26 tu. Yashikeni hayo maneno matatu, mzee, mtoto na mshenga, ndiyo yaliyonichimbia kaburi.

Tarehe 1 Agosti mtoto akaandika hadharani kwamba anaomba auzwe. Ijumaa tarehe 22, usiku, mechi ya mwisho ya kupasha misuli hapa Arlington, dhidi ya Atlanta, kamera zikamnasa amejilaza juu ya meza ya matibabu pembeni ya uwanja wakati wenzake wanahangaika ndani. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu kambi ianze. Au ndivyo alivyosema. Hapo ndipo Texas ilipogawanyika. Kuna waliosema mgonjwa, mwacheni. Kuna waliosema huyu hana mgongo wala nini, ana hasira za mkataba, na kulala kazini ni utovu wa adabu. Mimi na Mkenya tulibishana mpaka saa nane usiku, tukakata simu bila kuagana.

Na saa mbili asubuhi nilikuwa na mahari.

Si yangu. Ya mpwa wangu, binti wa dada, ambaye naye, kwa utani wa Mungu, ana miaka 26. Sisi ni Waluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba si pambo la ukutani. Mjomba asipotamka, posa imelala. Na dada yangu ana kaka mmoja tu duniani, mimi, niliyeko Irving, Texas, saa nane nyuma ya saa za Morogoro. Kikao saa kumi jioni kwao, saa mbili asubuhi kwangu.

Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa. Wakwe walitoka Singida kwa basi la alfajiri, watu sita, na mshenga wao mwalimu mstaafu mwenye baraghashia safi na kaunta buku la kuandikia. Huyo mshenga mkumbukeni, anaandika kila kitu. Mahari ilikuwa imeshaongelewa pembeni: shilingi milioni tatu, mkaja wa mama, blanketi la bibi, na beberu mmoja wa mjomba. (Ndiyo, anayeishi Marekani anapewa beberu. Nimeshazisikia zote, msijisumbue.) Dada alinipigia mara tatu wiki hiyo kunikaririsha. "Kaka, kazi yako sentensi moja. 'Tumepokea, tumeridhika, Mungu awabariki.' Usiongeze neno." Nikamwambia dada, kwani mimi mtoto?

Mpwa wangu mwingine, fundi wa nyumba kwa mambo ya umeme, aliunganisha Zoom kwenye TV ya sebuleni. Sauti akaona ya TV haitoshi, Bibi hasikii vizuri, akachomeka sabufa. Ile kubwa ya kukodishia kwenye kipaimara. Akaiweka chini ya kiti cha mzee wa Singida, baba wa bwana harusi, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi.

Upande wangu nilijiandaa kama mtu mzima. Nilivaa koti la suti. Chini ya koti sikuwa nimebadilisha, nililala na jezi ya Cowboys, namba 11, jezi ya mtoto. Nikasema nikifunga vifungo nani ataona. Nikawasha kompyuta, nikasalimia, nikampa Bibi shikamoo, nikazima maiki kama ilivyo adabu, nikakaa. Simu nikaiweka pembeni.

Mshenga akaanza. Huyu mzee anajua kazi yake. Alianza na mvua za mwaka huu Singida. Akaja kwenye alizeti. Akapita kwenye milima ya Uluguru na maji yake, akasifu ndizi alizokula njiani, akasema wao ni wasafiri walioona ua kwenye bustani ya watu. Nikaangalia saa: dakika ya ishirini na hatujafika kwenye hilo ua. Simu ikawaka. Mkenya.

Nipokee, nisipokee? Nikawaza, maiki si nimezima? Nachomeka kidude kimoja sikio la kushoto, namsikiliza tu, namwacha aongee peke yake. Sikio la kulia libaki Morogoro.

Ndugu zangu, masikio ya binadamu hayakuumbwa kwa ajili ya mabara mawili.

Yaliyofuata yamerekodiwa. Yule fundi wa nyumba alibonyeza kurekodi "iwe kumbukumbu ya maharusi". Sehemu yangu ni sekunde 94. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia fainali yoyote, kwa hiyo naweza kuwapitisha taratibu.

Mkenya alikuwa ameamkia palepale tulipoachia. "Buda, hata kama ni mgongo. Unalala aje kwa meza, watu wakicheza? Huyo hana heshima. Mumuuze tu, mkule hiyo pesa." Damu ikaanza kupanda. Wakati huohuo kwenye sikio la kulia, mbali kama redio ya jirani, mshenga alikuwa anamalizia: "...na sasa, kwa heshima na taadhima, tunaomba kauli ya mjomba." Sikuipata hiyo. Nawaapia sikuipata.

Fundi wa nyumba aliipata. Akaona maiki yangu imezimwa, akabonyeza kule kwake kuniomba niiwashe. Kwangu kikatokea kisanduku katikati ya kioo, kina vitufe viwili, kimoja cha bluu. Mimi visanduku vya kompyuta huwa nasoma? Kila siku ni sasisha hiki, kubali kile. Nikabonyeza cha bluu kiondoke, kinanizibia uso wa Bibi.

Kikaondoka.

Na kwa sauti niliyokuwa nimeitunza tangu saa nane usiku, kupitia sabufa ya kipaimara, chini ya kiti cha mzee wa Singida, mjomba nikatoa kauli:

"KALALA KWA SABABU MGONGO UNAMUUMA!"

Kwenye video mzee wa Singida ananyanyuka sentimita kumi hivi kutoka kwenye kochi, kwa mtetemo, halafu anarudi. Kitambaa cha kufuma cha Bibi kinadondoka. Dada anageuka kutazama TV, uso bado una tabasamu la wageni, tabasamu halijapata taarifa.

"Unataka asimame na mgongo ule? Mgongo mbovu tangu Julai! Kila mtu anajua mgongo mbovu, Mzee anajua, daktari anajua!"

Hapa nisimamishe niseme jambo moja kuhusu lugha yetu. Lugha za wenzetu zina neno la mwanamume na neno la mwanamke. Ungesikia mara moja naongelea dume la kilo mia na zaidi lenye ndevu. Kiswahili hakina hiyo habari. Kiswahili kina "a" tu. Analala. Anaumwa. Anauzwa. Kwenye video watu wote sebuleni wanageuka, kwa pamoja, kama mashabiki wa tenisi, kutazama korido, ambako bi harusi alikuwa nyuma ya pazia na mashangazi anasubiri kuitwa.

Mshenga akafungua kaunta buku. Kalamu ikashuka. Kaandika kitu. Nilikuja kuambiwa baadaye kaandika "mgongo".

Mkenya sikioni: "Na amewafanyia nini huyo? Pete mna ngapi? Mara ya mwisho si ni 1996?" Pete ni za ubingwa, na Februari 2025 wao walichukua, hatulali. Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, kiti kinasikika kikianguka.

"Kafanya nini? Kafanya nini! Mwaka wa kwanza tu kalaza wanaume 13! Wa pili 13 na nusu! Wa tatu 14! Mwaka jana kaumia, kakosa mechi nne, na bado kalaza 12!"

Takwimu ni sahihi, mkizikagua mtaona. Na hiyo nusu kwa mashabiki haina ajabu, wawili wakimwangusha kwotabeki kwa pamoja kila mmoja anaandikiwa nusu. Lakini sebule ya Mji Mpya, Morogoro, siku ya kutoa mahari, haikuwa na maelezo hayo. Kwenye sekunde ya 31 unasikia shangazi mmoja nyuma ya pazia akisema, taratibu kabisa, "Na nusu?"

Dada tabasamu lilishaondoka. Alikuwa anamfanyia fundi wa nyumba ishara ya kukata shingo. Fundi akaelewa akate sauti, akashika rimoti, rimoti ikawa ya TV si ya sabufa, akapandisha. Sijui kwa nini akapandisha. Tutakaa naye siku moja.

"Tatizo si mtoto!" Hapo nimeshasogelea kamera, kinaonekana kidevu na tundu moja la pua. "Tatizo ni Mzee! Mzee mchoyo! Kamwita mtoto pembeni, wakapatana wawili, mshenga hana habari! Mshenga kazungukwa! Eti hata jina lake halijui!"

Mshenga akaacha kuandika. Akamtazama mzee wa Singida. Mzee wa Singida, mtu wa watu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu afike zaidi ya kusema chai ni nzuri, akamtazama mshenga, akatikisa kichwa kwamba si kweli. Mshenga akaendelea kumtazama. Hawa ni marafiki wa miaka 40.

Mkenya: "Sasa mnataka aitishe pesa ngapi?"

"Watt anapata 41!"

T.J. Watt wa Pittsburgh, mkataba wa Julai. Milioni 41 za dola kwa mwaka. Sasa jitamkieni wenyewe hilo jina kwa sauti, kupitia sabufa, halafu mniambie Bibi yangu wa miaka 80 alisikia nini. Alisikia "watu". Watu wanapata 41.

"Watt 41! Mwingine 40! Na huyu mdogo kuliko wote! Chini ya milioni arobaini na tano kwa mwaka hatoki mtu! Na zaidi ya nusu iwekwe mezani siku ya kusaini, hata kesho akivunjika mguu pesa hairudi!"

Kuna kijana wa Singida kwenye kona, kaka wa bwana harusi, unamwona anatoa simu, anafungua kikokotoo, anabonyeza, anaangalia, anairudisha mfukoni.

Nakaribia mwisho, vumilieni. Ingeishia hapo ningekuwa na pa kujitetea. Lakini Mkenya akanitupia la mwisho, akacheka ile ya puani, akasema, "Atauzwa, buda. Hiyo jezi yako utafanyia deki."

Nikafungua koti. Vifungo viwili, sekunde ya 78 na ya 79. Nikalitanua kwa mikono yote miwili kama mtu anayeonyesha kovu la vita. Kwenye TV ya nchi 55 ikajaa namba nyeupe, moja na moja, na mimi najipiga kifua:

"HII HAPA! KUMI NA MOJA! HAPUNGUI HATA MMOJA!"

Mshenga akalamba kidole, akageuza ukurasa mpya, akaandika. Hicho nacho nilikuja kuonyeshwa kwa picha. Mwandiko mzuri wa mwalimu: "Mjomba: ng'ombe 11. Hapungui."

Kisha kimya. Sikio la kulia likarudi kazini lenyewe, maana kimya cha watu ishirini kina sauti yake. Nikatazama kioo. Kisanduku changu kilikuwa na mstari wa rangi kukizunguka pande zote nne, ule ambao Zoom humwekea anayeongea. Chini, kwenye ujumbe, fundi wa nyumba alikuwa ameandika mara tano: MJOMBA MAIKI. Nikaona nyuso moja moja. Dada kashika kichwa. Mshenga kalamu juu. Mzee wa Singida kainama anaangalia chini ya kiti, anatafuta sauti ilikotoka. Bibi tu ndiye aliyekuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, kwa macho yale ya zamani, ya mwaka niliouza kuku wake.

"Mwanangu," akasema. "Milioni arobaini na tano utaziweka wapi?"

Na Mkenya sikioni, ambaye amesikia sauti ya Bibi, kwa woga sasa: "Buda? Huyo ni nani? Uko wapi?"

Ni hapo nilipopenga kamasi. Mara moja. Kisha nikasema, najua nilisema kwa sababu ipo kwenye rekodi, koti bado wazi: "Tumepokea, tumeridhika, Mungu awabariki." Nikafunga kompyuta.

Yaliyofuata nayapitisha haraka, kwa sababu mengine nilisimuliwa na mengine nilitukanwa. Bibi aliwaambia wageni mjomba wao hufanya kazi za usiku na usingizi umempanda kichwani. Mzee wa Singida hakutaka kujua habari ya mgongo wala ya milioni; swali lake lilikuwa moja, akaliuliza kwa upole sana: hiyo nusu ni nani? Kikao kikaahirishwa. Fundi wa nyumba akawaonyesha video za Parsons kwenye simu, na kaka wa bwana harusi akaelewa kwanza, akacheka mpaka akatoka nje. Jumatano wakarudiana, mahari ikabaki milioni tatu kama ilivyokuwa, mkaja upo, blanketi lipo. Beberu wa mjomba amefutwa, ameliwa palepale kama faini. Mshenga na mzee wa Singida wanaongea tena. Bi harusi kanitumia ujumbe: "Asante kwa bei mjomba, ila mgongo wangu mzima." Dada hajanipigia. Ukoo mzima sasa naitwa Mjomba Kumi na Moja, hata na watoto ambao sijawahi kuwaona.

Na nyie mnaouliza kama angalau ubishi nilishinda: mnanichokonoa kidonda. Alhamisi tarehe 28, siku moja baada ya mahari kukubaliwa, Mzee akamuuza mtoto. Kwa Green Bay, walewale wa hoja ya Mei. Tumepewa nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti, ule mgao wa wachezaji chipukizi, 2026 na 2027, na Kenny Clark, jitu la katikati ya ulinzi. Green Bay wamempa mkataba wa miaka minne, dola milioni 188. Gawanyeni wenyewe: 47 kwa mwaka. Nilisema chini ya 45 hatoki, na kweli, katoka kwa 47. Katika familia nzima mimi ndiye niliyetaja bei karibu na sahihi, na mimi ndiye niliyenyimwa mbuzi.

Mkenya hakuandika neno siku hiyo. Alituma picha ya deki na ndoo.

Na ratiba ya 2025 ilisema tarehe 28 Septemba Green Bay waje kucheza hapahapa Arlington. Tiketi nilishanunua zamani, kabla ya haya yote, nilikuwa nimepanga kwenda na jezi.

Leo asubuhi ndiyo nimepata ujumbe wa mshenga. Namba nilikuwa sina, kajitambulisha vizuri, kauliza hali ya hewa ya Texas, kaniombea afya. Halafu: "Mjomba, vijana wamenieleza kwamba yule mtoto amehama, na huko alikokwenda havai tena 11, amepewa namba 1. Naomba mwongozo wako kwa ajili ya kumbukumbu. Kwenye daftari nifute tarakimu moja?"

Dada, kupitia kwa Bibi, amesema nisijibu chochote bila yeye kukisoma kwanza.